Fundi wa Lori Lake Mwenyewe

Ninaandika habari za Papa Semana wa Muheto kwa heshima, maana ni jirani yangu na ni mtu mwema. Lakini heshima hainizuii kusema kwamba Masisi nzima, huku mashariki mwa Kongo, tunaugua ugonjwa mmoja: mtu akishanunua lori, anaamini amenunua na ufundi wake. Ng'ombe mgonjwa hatungemkabidhi mtu ambaye hajawahi kushika kamba ya ng'ombe. Injini tunamkabidhi yeyote aliye na kle, yaani spana, mkononi.

Semana alikuwa na kle nyingi. Alizaliwa katika zizi na kukulia humo, kisha akabadilisha sehemu ya kundi lake kwa lori kuukuu ili abebe maziwa ya akina mama wa Muheto hadi Goma. Maziwa hukusanywa alfajiri katika bidoni za plastiki, na kazi yote ya lori ni kufika kabla hayajachacha.

Siku moja mfuniko wa tanki la mazutu, yaani dizeli, ulidondoka katika mashimo ambayo sisi, kwa ukarimu usiostahili, tunayaita barabara ya taifa. Mtu mwingine angenunua mfuniko mjini Sake. Semana alichonga kizibo cha mti, akakivika jani la mgomba, akakizungushia nailoni na kukikaza kwa utepe wa mpira wa tairi, sawasawa na alivyofundishwa na mama yake kuziba chombo cha maziwa, ili vumbi lisipenye wala nzi asipate njia. Kwa wafugaji, chombo kilichoachwa wazi ni aibu ya nyumba. Kizibo kilikuwa kizuri, nasi sote tulikisifu.

Tangu wakati huo lori likaanza kulegea. Lilitoka Muheto likiunguruma vizuri. Baada ya mwendo nguvu zilipungua, injini ikakohoa, silinda moja ikiwaka na nyingine ikigoma, hatimaye likasimama. Semana alishuka akiwa na uchangamfu usiomfaa mtu aliyeharibikiwa. Alisafisha filtre, lile chujio la mazutu, akapima mazutu kwa kijiti, akawasha, lori likaenda.

"Ilikuwa filtre," akatangaza.

Safari iliyofuata alikaza mabomba ya injekteri, akapima mazutu kwa kijiti, akawasha, likaenda. Basi ilikuwa mabomba. Mara nyingine alikwangua vichwa vya betri. Mara nyingine, Mungu amsamehe, aliiosha injini nzima kwa sabuni ya kufulia. Kila dawa iliponya, na kila ugonjwa ulirudi.

"Papa," mkewe Mukabaranga alimwuliza mbele yetu, "hii kamyo iko na magonjwa ngapi?"

"Iko nayo mingi. Lakini yote nimeishinda."

Huku akiyashinda, maziwa yalichacha, yakachacha tena. Mama Agathe, kiongozi wa umoja wa akina mama wauzaji, hakugomba. Alikuja asubuhi moja amevaa kitenge cha safari.

"Papa Semana, leo napanda na wewe mu kabina. Maziwa ikichacha leo, kesho tunapatia Théophile."

Théophile ni mfanyabiashara kutoka Butembo, na lori lake ni jipya kuliko yote ya upande wetu. Semana akamfungulia Mama Agathe mlango wa kabina. Bila maziwa ya Muheto, lori lake lingekuwa banda la kuku, na wale ng'ombe wangekuwa wameondoka bure.

Nilikuwa juu ya bidoni, nikielekea Goma kwa shughuli zangu, tulipoanza kupanda mlima wa Mushaki. Injini ilikohoa. Lori likatambaa, likatetemeka, likasimama katikati ya njia. Semana alikwisha kuruka chini na kle mbili.

"Ni injekteri. Nazifungua zote."

"Usiguse kitu," akasema Mama Agathe.

Nyuma yetu lori jingine likapiga honi. Alikuwa Théophile mwenyewe, amebeba viazi, na njia ilikuwa nyembamba, asingeweza kupita mpaka lori letu lisukumwe kando. Alishuka polepole, akitazama jua.

"Mama, juu ya viazi kuko nafasi. Tuhamishe bidoni?"

"Ngoja kwanza, kaka." Akamgeukia Semana. "Siku zote ikikufaka, unafanyaka nini?"

"Inategemea. Leo filtre, kesho betri."

"Na mbele ya kuwasha?"

"Ninafungua tanki, napima mazutu."

"Kila mara?"

"Kila mara. Mimi si muntu wa kuenda bila kupima."

Mama Agathe akafungua utepe, akang'oa kizibo. Tanki likavuta hewa kwa mlio mrefu, kama ndama aliyeachiwa chuchu.

"Hii sauti inaliaka siku zote?"

"Siku zote. Nilifikiri iko na furaha."

Théophile akageuka kuuangalia mlima, mabega yakimtikisika.

"Papa Semana," akasema Mama Agathe, "ukivuta maziwa na mupira mu bidoni yenye imefungwa kabisa, inatoka kidogo, kisha inakataa. Hewa haina mulango. Kamyo yako njo vile. Inanyonya mazutu mpaka pumzi inaisha. Wewe unafungua unapima, inapumua, unasema umeitengeneza."

Semana alikitazama kizibo chake kwa uchungu wa kweli.

"Sasa munataka nitembee na chombo wazi? Watu waseme nini?"

"Toboa kashimo kadogo tu."

"Mama yangu alisema chombo hakitobolewake."

"Mama yako hakukunywaka mazutu."

"Papa, toboa ao nibebe," akasema Théophile. "Viazi yangu haina haraka. Maziwa iko nayo."

Semana akachukua msumari na jiwe, akatoboa, uso wake ukiwa wa mtu anayetoboa ngoma ya kanisa. Akakirudisha kizibo, akawasha. Lori likapanda Mushaki bila kikohozi hata kimoja, Théophile akitufuata nyuma hadi kileleni, nadhani kwa matumaini.

Goma mnunuzi alichanganya maziwa na spiriti, kama kawaida yake, ili aone kama yatagandamana, maana yaliyoanza kuchacha hugandamana. Hayakugandamana. Akapokea bidoni zote.

Hapo Semana alianza kumweleza jinsi alivyofanya uchunguzi wa muda mrefu. Nami nasema bila kuficha: uchunguzi ule ungeisha siku ya kwanza, kama angekubali kuuliza. Hatuna karakana ya kufundisha ufundi, na hilo ni kosa la wakubwa. Lakini kiburi cha kutouliza hatukuletewa na serikali.

Mama Agathe alimngoja amalize.

"Maziwa inabaki kwako," akamwambia. "Utaendesha. Lakini kutengeneza, tutaita fundi."

Semana akakubali kwa kichwa. Kisha akaligeukia lori.

"Na kuosha injini, Mama, iko kutengeneza?"