Ushuhuda Niliouharakisha

Ipo Jumapili moja nisiyoisahau, mwanangu. Nilisimama mbele ya kanisa letu hapa Likasi, nimemshika mkono binti yangu Ornella, wa miaka minane, nikapaza sauti: Mungu ameponya! Watu walicheza hadi vumbi likapanda.

Majuma machache kabla, Ornella alikuwa akitapika kila asubuhi na kuyumba njiani. Kaka yake alimtania, "Weye unatembea sawa mulevi!" Tukacheka sote, nikampa dawa ya minyoo. Kumbe uvimbe ulikuwa umeota nyuma ya ubongo. Madaktari wa Lubumbashi waliutoa, na mmoja wao akanieleza polepole, maana mimi si msomi: "Mama, tulitosha ile uvimbe, lakini mbegu yake inaweza kushuka na maji ya bongo mpaka mu mugongo. Mutoto arudie hapa mbele ya mwezi kuisha, tumupe dawa ingine. Usiangalie kama anacheka."

Nilielewa. Lakini baada ya ushuhuda ule, ningerudije? Mama mmoja wa kikundi cha maombi aliniuliza, "Weye iko na mashaka? Kama Mungu alishamuponyesha, unaenda kutafuta nini kule?" Nikaona haya. Siku ya kurudi ikapita. Ornella alikuwa akiruka kamba uani, na macho yangu yakaniambia kile moyo wangu ulichotaka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyafunika kwa sifa.

Mvua za kwanza zilipoanza, alishindwa kusimama, akaniita: "Mama, migulu yangu inakatala." Daktari yule wa Lubumbashi alikuta mbegu zimetapakaa kwenye uti wa mgongo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, Mungu hakukuomba uchague." Akaongeza kwamba pengine zingeshuka hata kama tungerudi. Pengine. Neno hilo linaninyima usingizi mpaka leo. Tulimzika Ornella kabla ya Pasaka.

Mwanangu, mtoto akiumwa kichwa siku nyingi, akitapika asubuhi, akianza kuyumba, usicheke: mpeleke hospitali. Akishapasuliwa, mrudishe siku uliyopangiwa, hata kama anaimba, kwa maana ugonjwa huu husafiri kimya. Mshukuru Mungu kanisani, kisha panda gari uende. Watakaosema huna imani, waache waseme.

Mungu akujalie uzikwe na wanao, usiwazike wewe.