Mizizi Inayotema Mate

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Kirolirwe, Mkuu wa Sekta ya Kilimo alinikabidhi buti za mpira, daftari na tariere, yaani chuma cha kuzungusha ardhini ili kutoa udongo wa chini. Kisha akaninyooshea kidole vilima vya Masisi.

"Batu ba huku banalima bila akili," alisema. "Wewe moniteri njo utabaletea akili."

Moniteri ni mtumishi wa chini anayetembea shamba kwa shamba. Nilikuwa kijana, nikamwamini. Leo nimestaafu, nakaa Shasha, na nikiyakumbuka maneno yale bado damu inanichemka.

Kazi yenyewe niliipenda. Nilitia udongo katika vifuko, vikapelekwa laboratwari, na jibu likawa lile lile: fosforasi haba. Fosforasi ni chakula cha mmea. Ikikosekana, mmea hudumaa, na majani ya mahindi hugeuka zambarau. Lakini ninyi vijana mnaoanza kazi hii msidanganywe na hilo neno "haba". Katika udongo wetu fosforasi mara nyingi ipo, ila chuma na alumini vimeikamata, mmea hauwezi kuifikia.

Kwenye mteremko mmoja uliochoka kabisa nilikuta mahindi ya zambarau, na kando yake maharagi ya Mama Furaha, ya kijani kibichi. Yalikuwa maharagi madogo yenye madoa, mbegu aliyoachiwa na bibi yake. Nilimwuliza anaweka mbolea gani. Akang'oa shina moja, akanionyesha udongo ulioshikamana na mizizi.

"Hakuna kitu naweka, kaka. Hii haragi, njaa ikiikamata, mizizi inatema mate. Mate inalainisha udongo, njo inakula."

Nikaandika "mate" katika raporo, taarifa yangu ya kazi. Mkuu wa Sekta akalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu.

"Mate iko ya muntu na ya ngombe! Mumea iko na kinywa wapi?"

Pembeni akaandika: imani za wenyeji. Hakupanda kilima hata siku moja kwenda kuliona shamba lenyewe. Buti zake zilikuwa safi mwaka mzima, na ndiye aliyeitwa mtaalamu!

Msimu uliofuata ikaja amri ya kubadilisha mbegu. Kila mkulima alete maharagi yake ya zamani yote, apewe ya kisasa kipimo kwa kipimo, pamoja na mbolea ya gunia. Mama Furaha alikataa. Kwa kuwa aliniamini, nilitumwa mimi, nikakaa kibarazani kwake asubuhi nzima nikimbembeleza.

"Na mbolea ikikosekana?" aliuliza.

"Itakuya tu, Mama. Mukubwa amesema."

Alinipa kikapu chote, hata zile mbegu alizozihifadhi katika majivu.

Mbolea ilikuja misimu miwili. Kisha vita vikafunga barabara ya Sake, na bila mbolea yale maharagi ya kisasa yakadumaa, yakatoa maganda matupu. Mama Furaha akaja ofisini kwa miguu.

"Munirudishie mbegu yangu, hata konzi moja."

"Ilishaenda stoo," Mkuu alijibu bila kuinua kichwa.

"Stoo ya wapi?"

"Mama, tuko na kazi."

Alinigeukia mimi. Nikatazama sakafu. Mwaka ule nyumba yake haikuvuna maharagi.

Baadaye nilihamishiwa Walikale, kwenye udongo mwekundu wa msitu. Huko akaja mtafiti, mwanamke mwenye subira, aliyelaza mizizi ya maharagi juu ya uji ulioganda, wenye rangi inayogeuka njano ikiguswa na asidi. Kesho yake kila mzizi ulikuwa umezungukwa na njano. Vipimo vyake vingine vilimwonyesha ni asidi gani: ile ile iliyomo ndani ya ndimu. Mmea ukikosa fosforasi, alituambia, mizizi huitoa asidi hiyo, nayo hukamata chuma na alumini, fosforasi ikaachiliwa. Tena si kila aina ya haragi inaiweza kazi hiyo vizuri.

Nikamsimulia habari ya mate. Akaweka kalamu chini.

"Papa, ile mbegu iko wapi?"

"Ilipotea," nilisema.

Sasa kazi imekwisha, nimebaki na jibu hilo. Namkasirikia Mkuu wa Sekta, na kalamu yake nyekundu, na mimi mwenyewe zaidi. Ninyi mnaoanza, mkulima akiwaambia jambo la shamba lake, liandikeni kwa neno lake mwenyewe, halafu mlipime.

Na mbegu haikupotea. Kikapu cha Mama Furaha kiliingia jikoni kwa mpishi wa ofisi siku ile ile nilipokileta. Maharagi yalipikwa kwa mawese, tukayala saa sita mchana, na mimi nikaomba kuongezewa.