Nyasi Ndani ya Kengele

Masika haya nilikuwa Garissa. Sisi watu wa huko msimu huo tunauita Gu, na nilikuta uwanjani kuna maonyesho: mahema meupe, vipaza sauti, mbio za ngamia, vijana wakijipiga picha kwa simu. Binti mmoja alikuwa ametandika mkeka akiuza vitu vya kienyeji. Miongoni mwavyo mlikuwa na kengele za mbao, zile tulizokuwa tukiwavisha ngamia shingoni. Nikaokota moja, nikaitikisa. Haikulia.

"Hiyo ni ya kupamba ukuta, adeer," akaniambia, akiniita baba mdogo kwa heshima. "Haina ulimi."

"Na ngamia akipotea, atajulikana vipi aliko?"

"Atapigiwa simu."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka, maana alikuwa amenishinda. Lakini sikuiweka chini ile kengele. Nilisimama nayo mpaka binti akadhani nataka kupunguziwa bei.

Rafiki yangu, kama hukuiona Gu ya zamani, sijui nikuelezeje. Mto Tana ulikuwa ukijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Vumbi la mji likalala, na baada ya siku chache hata vichaka vya miiba vikawa na majani laini. Nyanya, aliyenilea, alifukiza vyombo vya maziwa kwa vijinga vya moto tangu alfajiri, na moshi ule ukakaa kwenye nguo zetu, kwenye nywele, kwenye madaftari yangu ya shule. Kisha ngamia wakarudi kutoka mbali, upande wa Habaswein, na watu wote wakatoka kuwapokea uwanjani.

Wachungaji walipopita palipo na simba au wezi walijaza nyasi ndani ya kengele ili kundi lisisikike. Kuzitoa nyasi hizo siku ya kurudi ilikuwa kazi yetu watoto. Tulikimbia kati ya miguu mirefu, mchungaji akiinamisha shingo ya ngamia, nasi tukichomoa. Kengele zikafunguka moja baada ya nyingine mpaka uwanja mzima ukawa unalia. Wanawake wakapiga makofi na kuimba, vijana wakaruka ngoma. Jioni, aliyekuwa na ngamia wa maziwa alimpelekea asiye naye. Nyanya alipenda kusema, "Maziwa hayana mwenyewe, yana zamu tu."

Yeye alikuwa na ngamia watatu. Mkubwa wao alikuwa jike mweupe, tukamwita Adey. Kengele yake aliichonga babu kabla hajafa, kwa mti uliokuwa na ufa, na sauti yake ilikuwa kama ya mgeni anayekohoa kwa adabu mlangoni. Macho ya nyanya yalikuwa yamefunikwa na utando. Hakuweza kumwona Adey, lakini katika kundi la ngamia mia angekuonyesha kwa kidole alipo.

Halafu vita vikaja. Wasomali waliotaka kujitenga walishika bunduki, na serikali ikawaita shifta, yaani majambazi. Nyumbani hatukuwaita kitu, maana mmoja wao alikuwa mjomba wangu, kitindamimba wa nyanya. Aliyejulikana kuwa na mtoto msituni alinyang'anywa mifugo, na yeye mwenyewe hakuachwa salama. Basi nyanya, kabla habari za mjomba hazijaenea, alimwendea jirani yetu. Jirani alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa swala tano, na alikuwa na kibali cha kuchunga kando ya mto. Nilikuwepo nyanya alipompa kamba za wale ngamia watatu.

"Walaal, ndugu yangu, hii ni amana," alimwambia.

"Amana ya Mungu," akajibu, akaziweka kamba kifuani.

Baada ya miezi alirudi na kamba tupu. Alisema askari waliwakamata ngamia njia ya Modogashe, wake na wa nyanya. Alilia. Nyanya ndiye aliyembembeleza. Akamchemshia chai, akaitia iliki iliyokuwa imebaki, akamwambia mali hutoka na kurudi, bora yeye yuko hai. Tangu siku ile tulikunywa chai ya rangi.

Gu iliyofuata, mkuu mmoja wa serikali, mgeni pale mjini, aliamuru kufanyike sherehe uwanjani, ionekane kuwa amani imerudi. Wenye vibali walete ngamia, wanafunzi waimbe. Mwalimu wetu alitufundisha wimbo wa Kiswahili na kutupanga mistari. Mimi nilikuwa na Kiswahili bora darasani, na nilijua hivyo.

Makundi yakaja kengele zikilia, kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na cha kuogopa. Kundi la jirani likaingia la mwisho. Katikati yake alikuwamo ngamia mweupe mwenye alama mpya ya moto shavuni, na kengele yake ilikuwa kimya. Nilimsogelea. Akashusha kichwa akaninusa shingoni, kama zamani. Nikatia vidole ndani ya kengele, nikachomoa nyasi.

Ile sauti ya kukohoa ikapita uwanjani. Kwenye kundi la wanawake, nikamwona nyanya ameacha kupiga makofi, mikono imebaki wazi mbele yake.

Hapo ningeweza kumwendea yeye. Ningeweza kumwambia mzee yeyote aliyekuwa karibu, kwa Kisomali. Lakini nilitaka wakubwa wasikie, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani: "Huyu ni ngamia wa nyanya yangu. Jirani amemwiba."

Mkuu akageuka. Jirani akatabasamu kabla hajafika. "Ni mtoto wa shule huyo, bwana mkubwa. Wamemfundisha kuhesabu, sasa anahesabu vya watu."

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka. Alimwita nyanya, akamuuliza, na mwalimu akatafsiri: ngamia huyu ni wako?

Nyanya alinyoosha mkono, akagusa shingo ya Adey, kisha kengele. Halafu akalisema neno la Kiswahili alilolijua: "Hapana." Akanitafuta kwa mkono, akaupata uso wangu, akanipiga kofi mbele ya shule nzima. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile, wala baadaye.

Kesho yake jirani alikuja kuomba kaa la moto, kama kawaida. Nyanya akampa.

Mimi sikumsamehe nyanya. Jirani nilimchukia, ndiyo, lakini yeye alikuwa mtu baki. Nyanya alikuwa amenifanya mwongo. Nilipopata nafasi ya sekondari mbali na nyumbani nilishukuru, na likizo nilibuni sababu za kutokwenda. Alipokufa nilifika siku ya tatu. Mama mdogo, binti yake, alikuwa akiosha vyombo, hakuinua kichwa.

"Ulitaka aseme nini?" akaniuliza. "Angesema ni wake, wangemuuliza kwa nini alimficha, na mwanawe yuko wapi. Jirani alilijua hilo tangu siku aliyochukua kamba. Ungesema kwa Kisomali, wazee wangelimaliza kabla ya alasiri. Ulisema kwa lugha ya mkuu."

Wazee wale hawapo tena. Jirani alikufa akiitwa haji, na mahali pa zizi lake pamejengwa nyumba za kupanga. Ngamia sasa huletwa kwenye sherehe kwa malori, shingo tupu.

Jambo moja hunirudia kila Gu. Nilipokuwa shuleni, nyanya alikuwa akinitumia kopo kwa madereva wa malori: nyirinyiri, nyama iliyokaangwa vipande vidogo na kuhifadhiwa kwa samli. Yeye asiye na ngamia, sijui nyama aliipata wapi. Kifuniko kilinuka ule moshi wa vyombo vyake. Nililisukuma kopo kwa mwenzangu wa kitanda cha pili, kijana wa bara, naye akala akilamba vidole.

"Nyanya yako anajua kupika," akasema. "Wewe huli?"

Nikamwambia nimeshiba.