Mama Aliyedai Mitupo ya Binti Yake

Jumamosi, kwenye uwanja wa basketi hapa Kalemie, kelele zilitaka kupasua masikio! Zilibaki dakika chache, timu ya mtaa wetu iko nyuma kwa pointi moja, mara msichana wetu mwembamba akaangushwa chini ya kikapu. Filimbi! Mitupo miwili huru. Lakini aliyesimama kwenye mstari ni kapiteni, maana mazoezini kwao anayejua kulenga ndiye huwatupia wenzake wote. Mwamuzi hakugundua. Mpira wa kwanza, ndani! Wa pili, ndani! Tukakumbatiana na watu tusiowajua.

Ndipo mama mmoja, muuza samaki wa moshi, akaingia uwanjani huku akikaza kitenge kiunoni, akamkabili mwamuzi.

“Papa arbitre! Wameangusha mutoto wangu. Juu ya nini mwingine njo anatupa?”

Binti yake akajifunika uso kwa jezi. Mwamuzi akaenda kwenye meza ya waandika pointi kuulizia, akarudi akipunga mikono.

“Mama, uko na haki. Aliyetupa si yeye. Pointi zote mbili ninafuta, na mupira ninapatia wale wengine.”

Tukawa nyuma tena kwa pointi moja. Mama akatazama ubao wa pointi, akatutazama sisi, akakilegeza kitenge.

“Papa,” akasema kwa upole, “haya macho njo ya moshi wa samaki, hayaone muzuri. Utaniamini namna gani?”

Maofisini nimesikia wengi wakidai kosa lisahihishwe. Huyu ndiye wa kwanza kuomba lirudishwe, na mtaa wetu mzima, mimi nikiwemo, tulimuunga mkono kwa vifijo.