Jade si chupa: bangili ya mkwe wangu ilivyogoma kukatwa hospitalini Houston

Wakuu, heshima kwenu nyote. Ninayoyaandika niliyaona mwenyewe, sitatia chumvi.

Kuna mwanachama ameandika humu kwamba jade, lile jiwe la kijani la mapambo, ni "chupa ya Mchina iliyopakwa rangi". Na watu wazima mkampigia makofi!

Mimi ni mstaafu wa idara ya madini, Dodoma. Utumishi wangu wote ulikuwa kutambua mawe. Naomba tuweke kumbukumbu sawa.

Mwanangu Elia anaishi hapa Alief, mtaa wa Houston, nilikokuja kumtembelea. Mkewe, Lan, ni wa ukoo wa Wachina waliotokea Vietnam. Tangu usichana wake huvaa bangili ya jade aliyovishwa na bibi yake, ambaye sasa ni marehemu.

Mwezi uliopita Lan alishikwa na uchungu wa kujifungua, madaktari wakaamua afanyiwe upasuaji. Mikono ilikuwa imevimba na bangili imembana. Nesi, dada Mkenya asiye na subira, akasema:

"Lazima itoke, mkono usije ukakosa damu. Wacha ni-cut."

Lan akaanza kulia. Elia akambembeleza: "Babe, ni jiwe tu."

"Elia!" nilimkemea. "Jiwe tu? Na wewe ni mtoto wangu?"

Nesi akaleta kikataji cha pete. Wakuu, chombo kinachokata dhahabu kiliteleza juu ya bangili ile bila kuacha hata mkwaruzo.

"Mzee, hii ni kitu gani?"

Nikamweleza. Mawe mawili tofauti huitwa jade, na hili ni lile gumu zaidi. Huzaliwa pale sakafu ya bahari inapozama chini ya ardhi nyingine, kwenye mgandamizo wa kutisha, chembe zake zikashikamana kama nyuzi za mkeka. Wachina wa kale walizika wafalme wao wakiwa wamevikwa jade.

"Sawa, prof," akacheka. "Sasa hiyo lecture ndiyo itaitoa?"

Haikuitoa. Aliyeitoa ni mama yake Lan, aliyekuwa kando ya kitanda. Aliinua mkono wa bintiye juu, akapitisha mfuko laini wa plastiki chini ya bangili, akapaka mafuta, akavuta polepole. Ikatoka nzima.

Elia alitaka kuitumbukiza kwenye begi. Lan akamzuia.

"Hapana. Baba, ishike wewe. Isipoe."

Kwao, jade huishi kwa joto la mwili wa anayeivaa. Mimi ni mzee wa kanisa na sina habari na hirizi. Hata hivyo niliipokea kwa mikono miwili.

Ilikuwa imeanza kupoa. Nikaifumbata kifuani kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, nikiomba kimyakimya. Kitu kilichoumbwa gizani, chini ya bahari, kabla hajakuwapo mtu wa kukitazama! Kikapita mkononi mwa bibi, kikaja kwa mjukuu, na sasa kinapokea joto la mzee wa Dodoma.

Lan aliporudishwa wodini, kichanga chake cha kike kifuani, akanitazama.

"Bado ina joto, Baba?"

"Ina joto, mwanangu."

Akafumba macho, akatabasamu.

Funzo nililopata: kabla hujaliita jiwe la mtu chupa, uliza kwanza limetoka mkononi mwa nani.

Mwandishi wa "chupa" ajitokeze afute kauli yake. Na wewe uliyerithi kitu usichoweza kukiacha kipoe, tusimulie hapa chini.