Mstari wa Njano wa Fundi Delbert

Katika gazeti hili hakuna anayezijua mashine za kukata majani kunishinda mimi. Nimeishi Minnesota miaka arobaini na moja, na majani yangu yote nimeyakata kwa simu: napiga, mtu anakuja.

Saa mbili asubuhi, Ijumaa. Fundi Delbert Oftedahl, miaka sitini na sita, amelala chali karakanani mwake, chini ya trekta dogo jekundu la kukatia majani, la mwaka 1964. Mimi nimechuchumaa nyuma ya friza bovu, mahali aliponipangia mwenyewe.

"Inamisha kichwa," ananiambia. "Kikichomoka, hakiulizi jina la mtu."

Anazungumzia kisu. Viko vitatu, chini ya deki, ule mfuniko mpana wa chuma unaoning'inia tumboni mwa trekta. Deki ya zamani ililiwa na kutu ikabaki kama ungo. Hakuna duka linalouza nyingine, kwa hiyo Delbert ameiunda mwenyewe kwa wiki tano. Alichora kwenye boksi la mahindi, akakata bati nene, akakunja, akachomelea. Kazi nzima, dola mia saba.

Si pesa ya kuringia. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kifungwe miaka tisa iliyopita, matengenezo humwingizia kama dola elfu moja na mia mbili kwa mwezi, na theluji ikianguka, nusu yake.

Anawasha. Mkanda unalia, mabati ya ukuta yanatetemeka, na meno yangu, yale niliyobakiwa nayo, yanagongana. Dakika tano. Anazima, anasubiri visu vitulie, anamulika kwa tochi.

Kwenye kila nati inayoshikilia kisu amepaka mstari mmoja wa rangi ya njano, kutoka kwenye nati hadi kwenye kisu. Nati ikisogea, mstari unakatika.

Mstari wa nati ya kati umekatika.

"Imesogea kiasi gani?" nauliza.

"Robo mzunguko." Hacheki. Delbert hucheka hata msibani.

Kosa analijua tangu jana. Injini ya trekta hili huzungusha visu kinyume na mashine za leo. Visu alivikumbuka, akaagiza vya kinyume. Nati akasahau. Kwenye mashine ya leo nati hujikaza yenyewe kadiri kisu kinavyozunguka. Hapa hujifungua yenyewe, taratibu, bila kelele. Amekwisha kuzikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akaongeza gundi ya nati. Nati zenye hesi ya kinyume, zinazokazwa kwa kuzungushwa kushoto, zipo, lakini hufika baada ya wiki tatu.

Ncha ya kisu hukimbia zaidi ya kilomita mia tatu kwa saa. Delbert hahitaji kuambiwa. Mwaka 1991 mashine yake mwenyewe ilimla vidole viwili vya mguu wa kushoto.

"Maumivu sikuyasikia," anasema. "Niliona kiatu kwenye majani, nikajiuliza hicho ni cha nani."

Basi si asubiri hizo wiki tatu? Hapo ndipo anaingia Verna Kluge, jirani, miaka sabini na tisa, mjane. Trekta lilikuwa la marehemu mumewe. Mwanawe anakuja Jumapili, na ameshasema: akikuta majani yamefika magotini, nyumba inauzwa na mama anahamia nyumba ya wazee. Kumlipa mtu akate hakubali. Anataka mama akate mwenyewe, athibitishe kwamba bado anajiweza. Verna atapanda trekta kesho asubuhi.

Saa nne Verna anapita na sahani ya keki ya rubabu, ule mmea wa mashina mekundu machachu.

"Delbert, mzee wangu, limepona?"

"Siyo mbaya," anajibu Delbert. Hapa kwetu hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa, na Verna anaondoka akitabasamu. Delbert anarudi kuikaza nati ya kati, ambayo ameshaikaza.

Mkewe, Arlys, ameona yote akiwa mlangoni. Aliwahi kuwa muuguzi wa mapokezi ya ajali. Yeye ndiye aliyekibeba kile kiatu.

"Delbert, sikuulizi mara mbili. Nati ikisogea tena, trekta halitoki humu. Nitamwambia Verna mimi mwenyewe."

"Haitasogea."

"Wewe ulisema hivyo hivyo mwaka 1991, kabla sijakibeba kile kiatu."

Delbert anapaka mistari upya, anatufukuza. Tunakaa jikoni na kahawa. Trekta linanguruma. Arlys anahesabu dakika kwenye saa ya jiko huku keki yake haijaguswa. Mimi nakula ya kwangu, halafu ya kwake. Woga hunipa njaa. Dakika ishirini. Kimya. Kimya kinaendelea kuliko inavyotakiwa, na Arlys anainuka nusu, anakaa.

Saa sita kasoro Delbert anaingia, amenawa mikono mpaka viwiko.

Namuuliza, kama ilivyo desturi ya kazi yetu, anatumaini nini.

"Natumaini kesho Verna akate ekari zake mbili, mwanawe arudi alikotoka. Kisha niunde deki nyingine tatu kabla ya theluji. Watu wameshauliza." Anajimiminia kahawa. "Mistari haijasogea hata unywele. Ni ile ile niliyopaka saa nne."

"Ile ile?" anauliza Arlys.

"Ile ile, mpenzi."

Rangi hiyo hukauka kwa dakika kumi. Imeandikwa kwenye kopo. Arlys anachukua tochi, anatoka. Anarudi bila haraka, anasimama mbele ya mumewe na kumnyooshea kidole cha shahada.

Ncha yake ni ya njano, mbichi, inang'aa.

Delbert anakitazama. Halafu anatazama chini, kwenye kiatu chake cha kushoto.