Mimi na Nyumba Yangu

Nyumba niliyoishi na mama yangu, baba aliijenga kwa biashara ya mawese, na mimi niliapa haitakwenda kwa mawese. Nilikuwa nimemwona mfanyabiashara mwenzangu wa hapa Rumonge akipigiwa mnada mpaka milango kwa deni baada ya mzigo wake kuharibika. Kwa hiyo nikaenda Bujumbura kuandikisha sosiyete, yaani kampuni. Karani akanieleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa: "Mama, deni ya sosiyete iko ya sosiyete. Nyumba iko pembeni. Usizichanganye tu."

Nikarudi na kashe mpya, muhuri wa sosiyete, mkobani na kiburi cha kuudhi watu.

Lakini huku kwetu mawese hayakabidhiwi sosiyete, hukabidhiwa mtu. Wakulima wa Bugarama walinipa mapipa yao niyauze ng'ambo, Kongo, niwalipe nikirudi. Nilipogonga kashe kwenye karatasi ya mapipa ya mjane mmoja, aliigeuzageuza, akanirudishia. "Huyu sosiyete mimi simujui. Iko na mama? Iko na kwao? Mimi najua nyumba ya baba yako."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Chini ya kashe nikaandika kwa mkono wangu: mimi na nyumba yangu. Wengine nao wakataka vivyo hivyo, nikawaandikia. Niliona ni adabu tu, kama mtu anavyoapa kwa kichwa cha mwanawe. Mjinga mimi!

Boti iliyobeba mapipa ikazama katikati ya ziwa. Mabaharia waliokolewa, alhamdulillahi. Mapipa hayakuonekana tena.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja upesi. Wakulima waliingia bila kelele, "Amahoro, mama," wakakaa sebuleni. Nikawatolea karatasi za sosiyete, nikawaeleza maneno ya karani. Mjane akanisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua karatasi yake na kuweka kidole chini ya kashe.

"Hapa uliandika nini, mama? Nisomee."

Nikasoma. Angekuwa mwizi, ningemchukia na kulala usingizi. Alikuwa mkweli, na mafuta yale ndiyo yote aliyokuwa nayo.

Tukauza nyumba, wakulima wakapata haki yao. Mama yangu mgonjwa tulimbeba na godoro lake hadi Kabezi, kwenye chumba cha kupanga. Sosiyete ipo mpaka leo katika vitabu vya serikali, safi, haidaiwi na mtu. Kila asubuhi mama huniuliza tunarudi lini kwetu, na siku hizi nimeacha kumjibu.